Miji ya Vifungo

Watu hamsini na wawili wanalala kitanda kimoja wala hawagombei shuka. Waamshe uone vita.

Aliyekitega kitendawili hicho kwa mara ya kwanza alikuwa Mzee wa Boila, yule aliyekuwa akichochea moto wa maji katika chumba cha kufulia cha hospitali, na jibu lake hakulitamka. Alilitoa mfukoni. Ilikuwa pakiti ya karata zilizochakaa pembe, laini kama kitambaa cha kufutia meza. Ndivyo poka ilivyoingia mle ndani, katikati ya mashuka na mvuke, ikaketi kama mgeni aliyesema anapita tu.

Wakacheza wengi, tena kwa makelele. Kisha mzee akastaafu, akaiacha pakiti yake juu ya rafu ya sabuni. Wengine wakahamishiwa wodini, wengine wakaolewa mbali, wengine wakachoka kushindwa. Mwisho wakabaki wawili, na poka ya wawili si sawa na poka ya wengi. Mkiwa wengi unaweza kujificha nyuma ya kicheko cha jirani. Mkibaki wawili ni kama watu waliokutana katikati ya mlango mwembamba: mmoja lazima arudi nyuma, na kila mmoja anamtazama mwenzake usoni ajue ni nani.

Wawili hao walikuwa Dobi na Subana. Dobi alikuwa mwanamke mnene wa mikono na mwembamba wa kwingineko, na zile mashine kubwa za kufulia alizijua kwa mlio, kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Subana alikuwa mshonaji wa palepale. Shuka lililochanika, gauni la mgonjwa lililokatika kamba, pazia lililotoboka, vyote vilipita chini ya cherehani yake penye kona ya dirisha. Jina alilipata kwa kile kikofia cha bati anachokivaa mshonaji kidoleni ili sindano isimchome. Alikuwa akisahau kukivua. Alikula nacho, alisalimia watu nacho, na ukimkasirisha alikigonga mezani, ta, ta, ta, ukajua leo hakuna mchezo.

Poka yenyewe ni nyepesi kueleza, nzito kulala nayo. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Nyingine tano zinafunuliwa mezani kidogokidogo, nazo ni za wote. Anayeunga tano bora kutoka zake na za mezani ndiye mshindi: pea inashinda karata zisizofanana, tatu za namna moja zinashinda pea, na kuendelea hivyo. Kila hatua unaweka dau, au unaongeza, au unatupa karata zako kifudifudi na kumwachia mwenzako kilichopo. Utamu wake ni kwamba mtu mwenye garasa tupu anaweza kumtimua mwenye wafalme, ilimradi uso wake uwe mkavu wa kutosha. Subana alikuwa na uso huo. Mzee wa Boila alisema mwanamke huyu akifa itabidi aulizwe mwenyewe kama kweli amekufa.

Dau la fedha walilikataa tangu mwanzo. Mshahara wao uliingia kwa mguu mmoja na kutoka kwa miwili. Wakaazima desturi ya utotoni, ile ya vitendawili, kwamba ukishindwa kujibu unatoa mji. Basi na wao wakawa wanachezea miji. Ila si ile mikubwa ya kwenye ramani, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Miji yao ilikuwa daraja la waenda kwa miguu, ngazi za posta, ukuta wa shule wenye kivuli kizuri mchana, bomba la nyuma ya soko, kituo cha mafuta, kibanda cha muuza magazeti asiyejua kusoma na mwenye habari zote. Kila mji ulikuwa na kifungo chake katika kopo la Subana. Daraja lilikuwa kifungo kikubwa cha kijani kilichotoka kwenye koti la mvua. Posta kilikuwa cha shaba. Soko kilikuwa chekundu na kimemeguka, kwa sababu, alisema Subana, na soko lenyewe ndivyo lilivyo.

Ukishinda mji hukuupokea kimyakimya. Ulitakiwa useme umefika, na useme ulivyopokewa, na ruhusa ya kudanganya ilikuwepo. Dobi alipochukua posta alisema ametandikiwa mkeka ngazi zote, na bwana wa posta mwenyewe amemletea kiti ambacho hakijawahi kukaliwa na mkwe. Subana alipochukua kituo cha mafuta alisema pampu zote zimeinama kumwamkia, moja ikamwita shangazi. Wakicheka hivyo, wale wa jikoni waligonga ukuta kuwanyamazisha.

Na mwenye mji alikuwa na wajibu wake. Ilimpasa aukanyage kwa mguu wake kabla mwaka haujageuka. Usipokanyagwa na mwenyewe unarudi pori, na aliyeuacha uwe pori hachezi tena. Usidhani ilikuwa mzaha wa kusema tu. Kuna mwaka Subana alishikwa na homa kali karibu na mwisho wa mwaka, akamlazimisha mwanawe amsindikize mpaka kituo cha mafuta amejifunga shuka. Akafika, akakanyaga, akageuka. Hata soda hakununua. Mwana alidhani homa imempanda mama kichwani.

Basi macho ya Subana yakaanza kumkimbia. Kwanza uzi ulikataa kuingia kwenye sindano, akasema viwanda vya siku hizi vinatoboa matundu ya dhihaka. Halafu akashona mkono wa gauni mahali pa shingo, mgonjwa akabaki kitandani anatafuta pa kupitishia kichwa. Dobi aliifumua kazi ile kabla msimamizi hajaiona, na nyingine baada ya hiyo, na nyingine. Kwenye karata, zile mbili zake Subana aliziinua mpaka puani kama anazinusa. Za mezani alisomewa na Dobi. Hapo hapakuwa na sharti wala shaka. Dobi alisoma, Subana akaamini, hata pale kusoma kweli kulipomnyang'anya Dobi mji wake mwenyewe.

Daktari wa macho wa hapohapo hospitalini alimwambia kwa upole kwamba hakuna dawa, kilichobaki ni kuzoea. Mwanawe, fundi bomba aliyehamia mbali, safari ya basi ya kulala njiani, akaja kumchukua mama akakae naye. Chumba kilikuwa tayari, mkwe alikuwa mtu mwema, wajukuu walikuwa wamegombana nani atalala na bibi. Hapakuwa na wa kumlaumu. Hilo lilimuuma Dobi zaidi, maana mtu akikosa wa kumlaumu uchungu wote unabaki nyumbani.

Siku ya mwisho ya kazi, mapumziko ya mchana yalipofika, wakakaa pale walipozoea, meza ya kukunjia, wakasukuma marundo ya mashuka pembeni. Cherehani ya Subana ilikwisha kufunikwa. Alfajiri ya siku ya pili wangepanda basi, yeye na mwanawe.

Dobi alikuwa amekesha usiku kucha akilipanga jambo. Subana akiondoka bila mji hata mmoja, basi ameondoka, maana asiye na mji hana safari. Lakini akiondoka na kopo lote la vifungo, sheria ni sheria. Kila mwaka itambidi arudi akanyage, hata kwa kushikwa mkono, na aliyekwenda kituo cha mafuta na homa hawezi kushindwa na basi. Kwa hiyo Dobi alikaa kwenye meza ile kwa nia ambayo Mzee wa Boila asingeielewa. Alikuwa amekuja kushindwa.

Mkono wa kwanza waliweka mji mmojammoja, kisha ikawa zamu ya Subana kuanza kusema. Dobi alikuwa hajazifungua hata karata zake vizuri, Subana akazitupa za kwake.

Dobi akauchukua ukuta wa shule bila kuutaka. Akasema amefika, watoto wamempigia makofi, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

Mkono wa pili zamu ikawa yake, naye akatupa upesi. Subana akafyonza. Wa tatu Subana akatupa. Wa nne Dobi akatupa. Wa tano walitupa pamoja, karata zikagongana juu ya meza, na hapakuwa na sheria ya kuamua nani kamwachia nani. Wakaanza kucheka. Walicheka mpaka Dobi akajifuta macho kwa ncha ya shuka safi, jambo ambalo msimamizi angemwandikia onyo. Kisha Subana akafanya ambacho katika miaka yote hakuna aliyekifanya. Akanyoosha mkono, akazipapasa karata alizotupa Dobi, akaziinua mpaka puani.

Zilikuwa mabibi wawili, wa kopa na wa shupaza.

"Mabibi wawili wamevaa wakapendeza," Subana akasema, "unawarudisha kwao bila hata chai?"

Dobi akasema karata za mtu hazifunuliwi. Subana akasema na urafiki wa mtu hautupwi kifudifudi, na akagonga kile kikofia chake mezani, ta, ta, ta. Hapo kicheko kikakatika. Dobi akaona hana pa kwenda, akamweleza yote: vifungo, mwaka, basi, sheria. Alieleza huku anakunja foronya ambayo ilikwisha kukunjwa.

Subana alisikiliza uso mkavu. Dobi alipomaliza, Subana akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Kichwa chake kiko kwenye mto, miguu yake iko njiani."

Dobi alilijua jibu kabla sentensi haijatua. Lakini alikuwa mjanja, akaona mlango. Akasema ameshindwa, twaa mji, twaa daraja, akakisukuma kile kifungo cha kijani upande wa pili wa meza.

Subana akakirudisha. Alisema hajaona mtu anayeshindwa kwa haraka hivyo, tena akiwa amefumbua mdomo nusu kujibu. Kisha akajibu mwenyewe.

"Ni mtu aliyehama nusu. Sikiliza, mwenzangu. Kule naanza upya kama mtoto. Mlango uko wapi, choo kiko wapi, kikombe changu kiko wapi, yote kwa mikono. Nikiwa na miji huku, kila nikitaka kuinuka nitaiona ya huku. Nitagonga kuta za mwanangu nikitafuta ngazi za posta. Niache nikafike."

Mashine ya tatu ilianza kukamua, meza ikatetemeka kidogo na vifungo vikatembea vyenyewe. Dobi alivizuia kwa kiganja.

"Na mimi?" akasema.

"Wewe una macho."

Halikusemwa kwa ukali, wala halikuwa na pa kulishikia ulijibu. Kama Dobi angekuwa na maneno angesema kwamba macho ndiyo ugonjwa wenyewe, kwamba ni yeye atakayeendelea kuiona kona ile ya dirisha kila siku. Badala yake alianza kuvihesabu vifungo kwa kidole kana kwamba kimoja kimepotea.

Subana ndiye aliyekata shauri. Mkono mmoja, vifungo vyote mezani, hakuna kutupa, hakuna kutishana. Karata zote zifunuliwe ziseme zenyewe. Zikimpa yeye, atarudi kila mwaka mpaka afe, atakuja hata kwa kuburutwa, wala hatanung'unika. Zikimpa Dobi, basi Dobi amwache aende, aende kweli, bila kumwekea uzi mguuni. Dobi akafikiri. Lilikuwa pendekezo la haki, na haki ndiyo iliyomtisha. Akakubali.

Subana akachanganya. Mikono yake haikuwa na habari ya macho. Karata zilipita vidoleni mwake kama maji yanavyopita kwenye nguo inayosuuzwa. Akagawa mbilimbili. Dobi akaziinua zake.

Mbili ya pau na saba ya uru.

Garasa. Mzee wa Boila alikuwa akisema mkono huo haufai hata kuwashia moto. Dobi alijizuia asitabasamu, ingawa nani angemwona. Subana akazinusa za kwake, akazilaza wazi: ree na mfalme. Ukimpa mtu dunia nzima achague, atachagua hizo au ndugu zake. Dobi akazilaza za kwake pia na kuzisoma kwa sauti, na Subana kwa mara ya kwanza siku ile akakunja uso.

Kazi ya kufunua na kusoma ilikuwa ya Dobi. Akafunua tatu za kwanza.

"Nne," akasoma. "Mfalme. Saba."

Subana sasa alikuwa na pea ya wafalme. Dobi alikuwa na pea ya saba, ambayo mbele ya wafalme ni watumwa. Akafunua ya nne, akasoma kumi. Kumi haikumfaa mtu. Ikabaki moja. Dobi alikwisha kuanza kuona kwa akili jinsi mambo yatakavyokuwa: basi linaingia stendi, Subana anashuka kwa kupapasa ngazi, amebeba kopo, analalamika njia mbovu, na wao wawili wanazunguka mji baada ya mji wameshikana mikono, posta, daraja, soko, mpaka jua lizame.

Akafunua ya tano.

Ilikuwa saba. Saba ya kopa, nyekundu, haina doa, imelala juu ya meza kama ilikuwa pale siku zote.

Dobi hakusoma. Subana alikuwa amegeuza uso upande wa dirisha, penye mwanga, mikono yake imetulia, anasubiri. Hakuuliza. Hajawahi kuuliza mara mbili. Ilihitajika neno moja tu, na neno lenyewe dogo: nane. Saba na nane ni majirani wa ukuta mmoja, hata mwenye macho mazima huwachanganya. Hakuna ambaye angejua. Wa jikoni walikuwa kwao, msimamizi alikuwa kwake, mashine zilikuwa zinakoroma. Nane, na mwakani angerudi.

Na angeaminiwa. Hapo ndipo neno lilipomkwama. Subana angelichukua neno lile kama alivyochukua mengine yote, angelibeba mpaka kwa mwanawe, na kila mwaka angelifuata akirudi, mzee, kipofu, akiwaamsha watu alfajiri wampeleke stendi, kwa sababu rafiki yake alimsomea nane. Angelala kule akiiota huku. Angegonga kuta.

Dobi akaigusa ile karata kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima joto la pasi.

"Saba," akasema. "Saba ya kopa."

"Unazo tatu."

"Ninazo tatu."

Subana akatoa pumzi ndefu, ile ya mtu anayetua mzigo kichwani, kisha anabaki amesimama palepale kwa sababu shingo bado haijaamini.

"Asante," akasema.

Katika maisha yake yote Dobi hakuwahi kushukuriwa kwa neno lililomuuma kama lile.

Ikabaki kukabidhi. Subana alikuwa mtu wa utaratibu. Hakukubali kulisukuma kopo zima kama anayemwaga takataka. Alikitoa kifungo kimoja kimoja, akakitambua kwa kidole, akakiita jina lake, akakiweka katika kiganja cha Dobi. Daraja. Posta. Bomba la nyuma ya soko. Kila mara Dobi alitakiwa aseme amefika na alivyopokewa, na kila mara akasema nimefika, basi, hana zaidi. Subana akamvumilia. Kopo likaisha. Dobi akafunga kiganja.

"Bado mmoja," Subana akasema.

Akachukua mkasi kutoka mfuko wa koti lake la kazi, akapapasa kifungo cha pili kutoka juu, akakata uzi. Dobi akamwambia koti ni mali ya hospitali, linarudishwa leo, msimamizi atamdai. Subana akasema amtafute.

"Hiki ni benchi," akasema.

Benchi hilo liko nyuma ya chumba cha kufulia, penye bomba linalotoa mvuke. Ni ubao tu juu ya matofali. Miaka mingi nyuma binti wa kwanza wa Dobi, msichana mkubwa aliyekwisha kuanza ualimu, alilazwa ghorofa ya juu na hakushuka. Na mashuka ya wodi ile, kama mashuka ya wodi zote, yalishushwa kufuliwa. Dobi aliyaona yakija kwenye toroli, akayajua kwa namba ya kitanda. Kabla hajanyoosha mkono, mshonaji aliyekuwa hata hajamzoea alitoka kwenye kona yake, akalibeba furushi lile, akaenda kulifua mwenyewe kwa mikono, kazi isiyokuwa yake. Kisha akaja nje, akaketi kwenye benchi karibu na Dobi. Hakumwambia pole. Hakumwambia kazi ya Mungu. Aliketi mpaka mvuke ukaacha kutoka, na siku iliyofuata akaketi tena, na iliyofuata. Urafiki wao ulianzia pale, na karata zilipokuja, waliweka dau kila mahali isipokuwa pale.

Dobi akasema benchi halimo. Walikubaliana benchi halimo.

"Hatujawahi kukubaliana," Subana akasema. "Tulinyamaza tu."

"Sikuliweka dau."

"Mimi nimeliweka. Nilisema vyote. Nimekaa pale kuliko nilivyokaa kwa mume wangu, usiniambie si mji."

Akakiweka kifungo. Kilikuwa cheupe, cha kawaida, kina uzi bado umening'inia. Dobi alikitazama na hakuweza kufunga mkono wala kuufungua zaidi. Subana akasubiri. Alimkumbusha kwa sauti ndogo kwamba mji hauchukuliwi kimyakimya.

"Nimefika," Dobi akasema.

"Wamekupokeaje?"

Ruhusa ya kudanganya ilikuwepo. Angeweza kusema wametandika zulia. Angeweza kusema bomba limempigia saluti. Alitafuta uongo wowote, hata mdogo, hakuupata.

"Sijamkuta mtu," akasema.

Uso wa Subana, ule uliowatimua wafalme kwa garasa, ulivunjika pembeni mwa mdomo, ukatetemeka, ukakataa kurudi mahali pake, na yeye hakufanya bidii ya kuurudisha. Akasogeza mkono mezani mpaka ukakuta mkono wa Dobi, akamfunga vidole mwenyewe juu ya kile kifungo, kimoja kimoja.

"Keti," akasema. "Umeketi?"

"Nimeketi."

"Haya."

Mashine ya tatu ikamaliza kukamua, ikanyamaza, na kama kawaida yake ikafuatiwa na ile ya pili. Mapumziko yalikuwa yamekwisha. Dobi akaenda kutoa mashuka. Subana, ambaye hakuwa na cherehani tena, alikaa akikunja foronya kwa kuzipima na kiganja, pembe kwa pembe, na alizikunja vizuri kuliko wengi wenye macho.

Jioni mwana wa Subana alikuwa anasubiri getini. Alimwamkia Dobi kwa heshima, akamshukuru kwa kumwangalia mama, akasema karibu sana kwetu, na Dobi akasema Mungu akipenda. Subana akashika mkono wa mwanawe. Halafu, kwa mazoea tu, kama kila jioni ya miaka yote waliyoagana hapo, akageuza kichwa na kusema, "Haya, kesho."

"Kesho," Dobi akajibu.

Wote wawili wakasikia walichosema. Hakuna aliyekirekebisha. Mwana akamwonyesha mama ukingo wa barabara kwa kumbana kiwiko, wakavuka, na Subana hakugeuka, kama alivyotaka asigeuke.

Dobi akabaki na vifungo vikilia mfukoni kila alipovuta mguu. Kwenda kwake kulikuwa na njia mbili alizozizoea. Moja inapita posta na darajani. Ya pili inapita sokoni, ukuta wa shule, kituo cha mafuta. Zote zilikuwa zake sasa, kila ngazi, kila kivuli, na hapakuwa na mtu wa kumtoza ushuru wala wa kumwomba ruhusa apite.

Akasimama pale getini muda. Kisha akashika kulia, barabara ya nyuma ya maghala, ndefu, haina taa, ina maji machafu na mbwa wa walinzi. Hawakuwahi kuiwekea dau hata siku moja, kwa sababu hakuna kati yao aliyeona ina faida. Mbwa wakambwekea kama mgeni. Akapita hivyohivyo, amejishika mfuko visilie, mpaka akafika nyumbani amechelewa sana, na alipoulizwa na mumewe amepitia wapi, akasema amepita tu.